Picha safi, moyo je?

Hivi wadau, mkisikia "baridi yabisi" mnawaza nini? Sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tunaolala na blanketi mbili ikifika Juni, tunawaza baridi. Mtoto akilalamika goti leo na kiwiko kesho, anavalishwa sweta, basi. Jina limetuponza. Homa ya baridi yabisi hailetwi na baridi ya Mafinga wala ya Uyole. Inaanzia kooni, kwa bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo na moyo. Goti litapona. Valvu ya moyo inaweza isipone.

Kilichonifanya niandike ni ile bahasha ya eksirei. Mzazi anatoka nayo hospitali kifua mbele: "Picha safi, mtoto hana kitu." Jamani! Eksirei ya kifua inaonyesha kivuli cha moyo tu. Utaona kama umetanuka kupita nusu ya upana wa kifua, au kama mapafu yameanza kujaa maji (ambayo nayo yanaweza kudhaniwa ni nimonia). Valvu inayovuja haionekani. Homa ikiwa bado changa picha inaweza kuwa safi kabisa, na moyo ukishaonekana mkubwa, mara nyingi umeshaelemewa siku nyingi.

Kinachoiona valvu ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Vigezo vya Jones, ambavyo madaktari huvitumia kutambua ugonjwa huu, viliipa eko nafasi rasmi viliporekebishwa mwaka 2015. Mwaka huohuo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa pale Muhimbili. Safi sana, ila toka Mbeya mpaka huko ni zaidi ya kilometa 800, na nauli ni ya watu wawili.

Ndiyo maana mimi naona tunapigania mashine kubwa na kusahau sindano. Kaskazini mwa Uganda watafiti walifuatilia watoto 818 ambao eko iligundua valvu zao zimeanza kuharibika. Waliochomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, waliozidiwa walikuwa asilimia 0.8, wasiochomwa, asilimia 8.2. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Hivi zahanati ya kijijini kwenu, Kilolo au Rungwe, ukienda leo utaikuta?