Kura ya nne ni kura ya masomo

Tarehe 20 Desemba 2023, mpiga kura wa Dilala au wa Manika, komini za Kolwezi, alisimama mbele ya mashine ya tume ya uchaguzi, CENI, akachagua mara nne. Rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo: kwa hao watatu alikuwa na majina kichwani, kitenge mwilini na wimbo mdomoni. Alipofika kwa wa nne, mshauri wa komini, mkono ukalegea. Wengi wetu tuligusa uso tuliouona mtaani juzi, au chama kilekile cha juu, tukatoka kutafuta kivuli. Ilikuwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006 komini za Kongo kuchagua mabaraza yake, tena si zote, maana uchaguzi huo uliletwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Kolwezi iliingia kwa sababu ni mji mkuu wa Lualaba tangu Katanga ilipokatwa vipande vinne mwaka 2015. Fungurume, pamoja na mgodi wake wote, ilibaki ikitazama. Tulingoja miaka kumi na saba tupewe kura hiyo, na siku ilipofika tukaitupa kwa yeyote aliyekuwa karibu.

Ninakasirika kwa sababu hiyo ndiyo kura iliyo karibu zaidi na dawati la mtoto wako.

Tuanze na pesa, kwa sababu Kolwezi hakuna asiyejua kuhesabu mali. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na asilimia 15 inakwenda kwa komini, sekta au cheferi ambamo mgodi umekaa. Zamani fungu hilo la chini lilipitia Kinshasa, na kila mtu anajua kinachopita Kinshasa hurudi kikiwa kimekonda kiasi gani. Sheria mpya inaitaka kampani imlipe mwenye haki moja kwa moja, kwenye akaunti yake. Kisha mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2018 kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Piga hesabu mwenyewe: kobalti ya dola 1,000 ikitoka, dola 100 ni mrabaha, na 15 kati ya hizo ni za wakazi wa pale pale ilipochimbwa. Shaba inalipa kidogo, asilimia tatu na nusu, lakini tunazungumzia nchi iliyopanda hadi ya pili duniani kwa shaba na ya kwanza, tena kwa mbali sana, kwa kobalti. Malori yanayovuka mji huu usiku na mchana hayabebi kokoto.

Sasa niambie: bajeti ya komini yako umeiona wapi? Imebandikwa ukuta gani? Ni mshauri yupi aliyeita wazazi kwenye uwanja wa shule akawaambia, mwaka huu tumepokea kiasi hiki, darasa hili limejengwa, paa lile limebaki? Serikali ilipozuia kobalti isitoke nchini Februari 2025, kisha Oktoba ikaifungulia kwa viwango maalumu, magazeti ya London na ya Beijing yalijaa mahesabu ya nani atapata hasara. Mzazi wa hapa Musonoie hakuambiwa hata neno moja kuhusu fungu la kobalti la komini yake lililokauka miezi hiyo. Labda kwa sababu hakuwahi kuambiwa lilipokuwa limejaa.

Watetezi wa ukimya huo wana jibu moja wanalolipenda, na nimelisikia hadi masikio yameota sugu: "Masomo njo mambo ya Kinshasa, mama." Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayolipa nguvu ya kudanganya. Ni kweli mwalimu analipwa kutoka Kinshasa, anapolipwa. Ni kweli mkuu wa elimu wa jimbo, tunayemwita Proved, na wakaguzi wake wanapokea amri za wizara. Ni kweli pia kwamba shule nyingi tunazoziita za serikali zinaendeshwa na makanisa, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1977 baada ya Mobutu kuzichukua na kushindwa kuzilisha. Lakini Katiba, kifungu cha 204, inalipa jimbo elimu ya msingi na ya sekondari kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Na sheria ya 2008 kuhusu komini na miji inaipa komini nafasi ya kuanzisha shule kwa kanuni hizohizo. Kwa hiyo tuna serikali kuu, jimbo, kanisa na komini, wote wanne wamelishika dawati moja, na mtoto bado anaketi chini. Choo kikijaa, mkurugenzi anakutuma kwa Proved, Proved anakutuma kwa kanisa, kanisa linakutuma kwa gavana, na gavana yuko kwenye uzinduzi. Katika mlolongo huo wote mtu pekee unayeweza kumkuta sokoni asubuhi, ukamshika shati na kumuuliza, ni mshauri wa komini. Ndiyo maana wanataka uamini kwamba hayamhusu.

Mwaka 2019 uliondoa kisingizio cha mwisho. Kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa kimeahidi elimu ya msingi ya bure tangu 2006, na kwa miaka kumi na tatu ahadi hiyo ililala kwenye karatasi huku wazazi wakimlipa mwalimu kwa ile primu iliyozaliwa wakati serikali ya Mobutu ilipoacha kulipa. Septemba 2019 Rais Tshisekedi akaamuru itekelezwe. Lilikuwa jambo jema, na nitamtetea yeyote anayelitetea. Mamilioni ya watoto waliingia darasani nchi nzima. Hata hapa kwetu wapo walioacha kuosha mawe wakavaa shati jeupe, hapa ambapo UNICEF mwaka 2014 ilikadiria watoto 40,000 wakifanya kazi kwenye migodi ya kusini, na ambapo ripoti ya Amnesty ya 2016 iliandika habari za watoto waliotafuta kobalti kwa sababu wazazi walikosa pesa ya masomo. Lakini amri ya rais haina tofali. Watoto waliongezeka, kuta zikabaki zilezile. Walimu wapya waliitwa kazini bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara, na Septemba 2024 mwaka wa masomo ulianza kwa mgomo katika sehemu nyingi za nchi. Kinshasa ilitoa neno, na matofali tukaachiwa sisi. Na komini yenye asilimia 15 ya mrabaha wa mgodi haiwezi kusema haina matofali.

Kwa nini basi hatuwaulizi? Wazee wetu walisema kampani ya madini, Gécamines, ndiyo baba, ndiyo mama. Walikuwa na sababu ya kusema hivyo: mji huu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya Union Minière, iliyoitangulia Gécamines, na kampani ndiyo iliyojenga nyumba, hospitali, shule, hata uwanja wa mpira. Mtoto wa mfanyakazi alisoma kwa sababu baba yake alikuwa na namba ya kazi, na hakuna aliyehitaji kumpigia kura mtu yeyote ili mtoto apate daftari. Baba huyo akaugua, akaacha kulipa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa mkono wa kwaheri katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Yatima wake bado tunatafuta baba mwingine. Tumemtafuta kwa Wachina, tukamtafuta kwa Glencore, na kila miaka mitano tunamtafuta kwa mgombea.

Mgombea anaijua njaa hiyo, na analeta madawati kabla ya siku ya kura, yamepakwa rangi ya chama, jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko alfabeti ya ukutani. Mkurugenzi anapiga makofi, watoto wanaimbishwa, kamati ya wazazi inapewa soda. Mimi sipigi makofi. Tena nasema wazi: shule yenye madawati arobaini ya mgombea ni shule iliyonunuliwa kwa bei ya chini kabisa sokoni, kwa sababu aliyetoa hana deni tena. Kampani nazo zina mtindo wao. Sheria inazidai angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakazi, pamoja na mkataba wa ahadi wanaosaini na jamii, lakini darasa linapokamilika bango linasomeka kana kwamba ni sadaka ya mwekezaji, na mwanasiasa anasimama kukata utepe wa kitu kilichodaiwa kisheria. Mzazi aliyesimama chini ya jua anashukuru mara mbili kwa mali yake mwenyewe.

Kenya wameionja sumu hii kwa njia yao. Katiba yao ya 2010 inazipa kaunti elimu ya awali na vyuo vya ufundi, ila wawakilishi wa wadi wamejijenga kwa basari za sekondari, na kura imegeuka foleni ya kupewa fomu. Tanzania wana kasoro nyingine tele, lakini angalau shule za msingi, na tangu 2009 za sekondari pia, ziko mikononi mwa halmashauri, kwa hiyo diwani hawezi kusimama mbele ya darasa lililobomoka akasema hajui ni la nani. Sisi tumempa mshauri wetu mwanya wa kusema hivyo kwa sauti tamu.

Tena tumempa mwanya wa pili, wa kikabila. Huu ni wa zamani. Wabelgiji waliporuhusu kura ya kwanza ya komini Desemba 1957, waliiruhusu katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Kolwezi haikuwemo. Ilikuwa miaka ya moto kuhusu shule. Tangu 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alikuwa ameanza kufungua shule za serikali kwa watoto wa Kiafrika, nje ya mikono ya misheni, na maaskofu walikuwa wakali. Kama kulikuwa na saa ya mzazi Mkongo kumwuliza mgombea wa komini, mwanangu atasoma wapi na kwa nani, ilikuwa saa ile. Lakini Élisabethville tunakumbuka nini katika kura hiyo? Kwamba walioshinda ukuu wa komini wengi hawakuwa Wakatanga, kwamba wenyeji walikasirika, na kwamba mwaka uliofuata CONAKAT, chama cha wenyeji hao, ikazaliwa. Swali la shule lilimezwa na swali la nani ni mgeni. Kolwezi inajua swali hilo liliishia wapi: iliishuhudia stesheni yake ya treni mwaka 1993, familia za Kasai zilizofukuzwa zikiwa zimelala juu ya mizigo. Anayekuja tena mtaani kwako kukuuliza jina la babu yako kabla ya kukuambia bajeti ya shule, mfungie mlango.

Najua kuna mshauri mwaminifu atakayesoma hapa na kuumia. Ana haki. Washauri walianza kazi bila malipo, wakaandamana kudai haki yao kama walimu wanavyodai yao. Uchaguzi wa mabugumestri na mameya, ambao wao ndio wangepaswa kuufungua, umeahirishwa mara kwa mara, na komini ikabaki na mkuu aliyeteuliwa kutoka juu, ambaye saini yake ndiyo inayotoa pesa. Baraza lililochaguliwa linakaa mbele ya mkuu asiyechaguliwa na kumwomba karatasi za hesabu. Sawa. Basi ndugu mshauri, mama mshauri, simama useme hivyo. Andika barua ya kuomba hesabu, na ukinyimwa, isome barua hiyo mbele ya kanisa Jumapili, msikitini Ijumaa, kwenye mkutano wa wazazi siku ya ripoti. Hukuhitaji mshahara ili kufanya kampeni.

Na wazazi je? Sheria ya uchaguzi inadai orodha ipate angalau asilimia 10 ya kura za komini ndipo ihesabiwe viti. Vyama vikubwa viliufurahia ukuta huo, vikidhani umewafungia wadogo nje. Lakini fikiria asilimia 10 ya kura za Dilala ni watu gani. Ni wazazi wa shule chache zenye madarasa yaliyofurika, wakiamka asubuhi moja na jina moja mdomoni. Kamati za wazazi tunazo tayari katika kila shule. Leo zinatumiwa kukusanya michango ambayo sheria ilikwisha kuifuta na kupiga picha na wageni. Kamati hizohizo zinaweza kukutana mtaa kwa mtaa, Kasulo na Kanina, Kapata na Luilu, zikaandika orodha ya vyoo, mapaa na madawati yanayokosekana, zikaibandika mlangoni kwa bugumestri, kisha zikasubiri wagombea.

Muhula huu unaisha 2028. Mgombea wa komini atakapokuja na kofia zake, asiulizwe atatupa nini. Aulizwe komini ilipokea mrabaha kiasi gani mwaka jana, kutoka mgodi upi, na kiasi gani kiliingia shuleni. Asiyejua tarakimu hizo arudi nyumbani akazitafute. Anayezijua na hataki kuzitaja, huyo mwandikeni jina, maana hilo nalo ni jibu. Na akishusha madawati kutoka kwenye lori, yapokeeni, watoto wanayahitaji, halafu chukueni brashi mfute jina lake ubavuni siku hiyohiyo, yeye akiwa bado amesimama pale.