Maoni Yetu: Aliyepasuliwa moyo asiachwe peke yake nyumbani

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji kufunguliwa kifua alisubiri rufaa ya kwenda India. Tangu mwaka 2015, ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili, Dar es Salaam, wengi wamepata huduma hiyo hapa nchini. Valvu zilizoharibika zinabadilishwa, mishipa iliyoziba inatengenezewa njia nyingine ya damu, na matundu ya moyo ya watoto yanazibwa. Ni mafanikio ya kweli na tunayapongeza.

Lakini tukiyasifu, tunahesabu waliofanyiwa upasuaji. Ni nadra kuulizana wangapi kati yao wako hai na wana nguvu miaka mitano baadaye. Siku mgonjwa anaporuhusiwa, kazi iliyoanzwa na daktari bingwa inahamia kwa mke, mume, mama mzazi, mwajiri na hospitali ya wilaya. Wengi wao wanaipokea bila kuelezwa namna ya kuifanya. Hili lazima lirekebishwe.

Tuanze na kifua chenyewe. Katika upasuaji wa kawaida wa kufungua kifua, mfupa wa katikati hukatwa, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma. Ngozi hufunga mapema, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mfupa unahitaji wiki nane hadi 12 kuunga sawasawa, na katika muda huo mgonjwa hatakiwi kunyanyua kitu kinachozidi kilo nne au tano. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Kulima, kutwanga, kusukuma mkokoteni, kubeba mtoto mgongoni na kujivuta kwa mkono kuingia kwenye daladala, vyote vinautia mfupa huo hatarini. Mama anayerudi na kukuta pipa la maji ni tupu atainuka tu, hata akiwa amekatazwa, kama hakuna aliyepangwa kumpokea kazi. Kwa hiyo zamu za maji, kuni, jiko na watoto zipangwe kabla hajatoka wodini.

Hata hivyo, kupumzika si kulala kutwa. Anayelala tu hupata matatizo ya mapafu, na damu inaweza kumganda miguuni. Atembee uani siku za kwanza, kesho aongeze hatua, wiki ijayo afike kwa jirani. Afanye mazoezi ya kuvuta pumzi aliyofundishwa hospitali, na akikohoa akumbatie mto kifuani. Wanandoa nao wasione haya kumuuliza daktari ni lini wanaweza kurudia tendo la ndoa. Jibu huwa ni pale mgonjwa anapoweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kuumwa kifua, ilimradi kifua kisilemewe.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi haziambiwi. Katika wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kulia bila sababu, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kusahau vitu au kukata tamaa. Hali hiyo huwapata wagonjwa wengi wa upasuaji wa moyo, popote duniani. Hajarogwa, na imani yake haijapungua. Avumiliwe, azungumze na watu anaowaamini. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa daktari aambiwe, kwa sababu tiba ipo.

Desturi yetu ya kwenda kumjulia hali mgonjwa tunaitetea, ila iwe na kiasi. Wageni waje wachache, wakae kidogo, na mwenye mafua au kikohozi apige simu. Asiwepo wa kuja na chupa ya dawa ya mizizi akisema hii inasafisha damu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye damu hiyo hiyo. Wagonjwa wetu wengi wa valvu ni vijana, na wanawake ni wengi. Ugonjwa wao ulianzia utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa, yakafuatiwa na homa ya rumatiki iliyokula valvu. Kijana mara nyingi huwekewa valvu ya chuma kwa kuwa inadumu kuliko ile inayotokana na mnyama. Lakini valvu ya chuma huvutia damu kuganda, hivyo anayeibeba lazima anywe warfarini kila siku, saa ile ile, maisha yake yote. Akiiacha, bonge la damu linaweza kuinasa valvu ikashindwa kufunguka, au likakimbilia kwenye ubongo na kumletea kiharusi. Akizidisha, anaweza kuvuja damu ndani. Dawa nyingine za vidonge za kuzuia damu kuganda, zilizokuja baada ya warfarini, hazifai kwa valvu ya chuma.

Kinachoonyesha kama dozi imekaa sawa ni kipimo cha INR, yaani namba inayopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda. Kwa wengi wenye valvu ya chuma namba inayotakiwa iko kati ya 2 na 3, au 2.5 na 3.5, kutegemea valvu iliyobadilishwa. Mwanzoni hupimwa kila wiki au hata mara nyingi zaidi, na namba ikitulia hupimwa kama mara moja kwa mwezi. Namba hiyo huyumbishwa na mambo ya kawaida kabisa. Metronidazoli na kotrimoksazoli, dawa zinazopatikana karibu kila duka la dawa, huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu hazikatazwi, ila ziliwe kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe na ajue kama moyo wake unaruhusu.

Sasa fikiria mgonjwa wa Kigoma. Kutoka kwake hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kipimo cha INR si rahisi kukipata nje ya hospitali kubwa, na nauli ya kukifuata kila mwezi inaweza kula kipato chote cha kaya ya mkulima. Matokeo yake tunayajua: anaruka mwezi, kisha miezi mitatu, kisha anaacha dawa kwa kuwa anajisikia mzima. Tusimlaumu kwa uzembe wakati tumemwekea kipimo mahali asipoweza kufika. Ipo mashine ndogo ya kushika mkononi inayopima INR kwa tone la damu ya kidole na kutoa jibu ndani ya dakika chache. Serikali iliyomudu kujenga taasisi ya moyo inaweza kuiweka mashine hiyo katika kila hospitali ya wilaya, ikahakikisha vijiti vya kupimia na warfarini haviishi.

Wanawake wa umri wa kuzaa wanahitaji kuambiwa mapema na bila kuficha. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha kiholela kunaweza kumuua mama. Mimba ipangwe pamoja na daktari wa moyo na wa uzazi, na mama apewe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa hadi atakapokuwa tayari. Mume na mama mkwe waelezwe pia, kwa sababu shinikizo la kuzaa hutoka kwao.

Aliyeugua kwa homa ya rumatiki asidhani kuwa upasuaji umefuta ugonjwa. Sindano ya Penadur, yaani penisilini, ya kila wiki tatu au nne huendelea kwa miaka mingi, na kwa wengine maisha yote. Meno yasafishwe kila siku, na kabla ya kung'oa jino daktari wa meno ajulishwe, kwani vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia kwenye damu na kuishambulia valvu mpya.

Kila mwanafamilia azijue dalili za kukimbilia hospitali: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kutoa usaha, mfupa wa kifua kugonga au kucheza, kuhema akiwa amelala, miguu kuvimba, uzito kupanda kilo mbili ndani ya siku mbili au tatu, kinyesi cheusi, uso au mkono kulegea upande mmoja. Mwenye valvu ya chuma huisikia ikigonga taratibu, hasa usiku kukiwa kimya. Ikinyamaza ghafla au mlio ukibadilika, asisubiri kukuche.

Waajiri nao wanahusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mfupa ukichukua wiki 12 kuunga, hizo ni siku 84, kwa hiyo mshahara kamili unakoma kabla mfupa haujawa imara. Mwajiri muungwana ampe kazi nyepesi anaporudi. Mama lishe, dereva wa bodaboda na mkulima hawana hata hizo 63. Kwao, msaada wa ndugu, kikundi cha vikoba, kanisa au msikiti katika miezi mitatu hiyo ni sehemu ya matibabu.

Tunataka mambo manne. Wizara ya Afya ifikishe kipimo cha INR na warfarini katika kila hospitali ya wilaya. Kila hospitali inayofungua vifua impe mgonjwa maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, yenye jina la dawa, tarehe ya kliniki na namba ya simu inayopokewa usiku na mchana. Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa kuwa sheria mwaka 2023, iwalipie wagonjwa hawa vipimo na dawa za maisha yote, isiishie kwenye gharama za upasuaji. Na idadi ya walio hai mwaka mmoja na miaka mitano baada ya upasuaji itangazwe kwa wananchi kama inavyotangazwa idadi ya waliopasuliwa.

Kwako msomaji mwenye mgonjwa wa aina hii nyumbani, usingoje Wizara. Leo hii mteueni mtu mmoja katika familia wa kusimamia dawa zake, mnunulieni daftari la kuandika kila dozi na kila kipimo, na mmsindikize kliniki tarehe ikifika.