Uchovu Usiokwisha: Usiseme Tu Ni Sukari

Mjomba wangu ni fundi wa cherehani. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akishona sare za wanafunzi katika kibanda chake mtaani, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa, taa yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuzimwa. Lakini mwaka juzi wateja walianza kunung'unika. Sketi iliyoahidiwa Jumatatu ilipatikana Ijumaa. Akina mama walimkuta saa nne asubuhi ameegemeza kichwa juu ya cherehani, usingizi umemchukua.

Nyumbani mambo yalikuwa yayo hayo. Mkewe alisema mzee ameingiwa na uvivu. Watoto walisema ni umri, ingawa hakuwa ametimiza hata miaka 55. Naye mwenyewe alijibu, "Hii ni sukari tu. Nimeizoea." Kwani mjomba amekuwa akiugua ugonjwa wa kisukari kwa zaidi ya miaka kumi.

Msomaji mpendwa, huenda nawe una mjomba wa aina hii nyumbani kwako, au huenda ni wewe mwenyewe. Ninalotaka kukueleza leo ni kwamba uchovu wa mwenye kisukari si uvivu, wala si jambo la kuzoewa. Una chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho chaweza kupatikana na kutibiwa.

Tuanze na sukari yenyewe. Chakula tunachokula, kiwe ugali, wali au chapati, hugeuzwa kuwa sukari inayoingia katika damu. Insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, ndiyo huiwezesha sukari hiyo kutoka katika damu na kuingia katika seli za mwili ili itupatie nguvu. Kwa mwenye kisukari, insulini haipo, au haitoshi, au haifanyi kazi inavyopasa. Sukari hujaa katika damu huku mwili ukikosa nguvu. Ni kama mtu anayelala njaa ilhali ghala limejaa na ufunguo umepotea.

Isitoshe, sukari ikizidi, figo hujaribu kuitoa kwa njia ya mkojo. Mgonjwa hupoteza maji mengi na kuamka usiku mara tatu au nne kwenda msalani. Mtu asiyepata usingizi wa kutosha hawezi kuwa na nguvu mchana, hata akiwa kijana wa miaka 20.

Sukari kushuka nako huchosha. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, husikia njaa kali na kichwa humzunguka. Hali hii huwapata hasa wanaodungwa insulini au wanaomeza tembe kama glibenklamaidi, kisha wakakosa chakula cha mchana kwa sababu ya shughuli, au wakafanya kazi ngumu kuliko kawaida yao. Sukari yaweza hata kushuka mtu akiwa usingizini. Akiamka na shuka zilizolowa jasho, kichwa kikimuuma na mwili ukiwa mlegevu, na amweleze daktari.

Dawa ya haraka ya sukari iliyoshuka i jikoni mwako: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena, kisha ale chakula. Lakini aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Akimbizwe hospitalini.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kujua sukari yako inavyokwenda. Hapa kuna mchezo ambao wagonjwa wengi huucheza. Siku mbili kabla ya kwenda kliniki wanajinyima chai ya sukari, mandazi na soda, ili kipimo cha kidole kiwe kizuri na muuguzi awasifu. Wanamdanganya nani? Kuna kipimo kingine cha damu kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Hicho hakidanganywi kwa kujinyima siku mbili. Uliza kama umewahi kupimwa hicho.

Sasa turudi kwa mjomba. Sukari yake ilipopimwa ilikuwa nzuri. Hapo ndipo wengi hukwama. Sukari ni nzuri, basi rudi nyumbani, mzee, upumzike. Mjomba alirudi nyumbani mara mbili kwa jibu hilo. Alianza hata kutafuta mtu wa kumuuzia cherehani.

Mara ya tatu alimpata daktari kijana aliyemuuliza maswali zaidi. Unatumia dawa gani? Tangu lini? Miguu yako inahisi vipi? Ndipo mjomba alipokiri jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote. Alikuwa hahisi vizuri pedali ya cherehani chini ya nyayo zake. Akishona ilimbidi atazame chini kuhakikisha mguu uko mahali pake.

Kwa miaka yote hiyo mjomba alikuwa akimeza tembe za metformini, dawa ambayo ndiyo hutumiwa na wengi wenye kisukari cha ukubwani. Ni dawa nzuri, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kuuzuia mwili kufyonza vitamini B12 kutoka kwa chakula. Vitamini hiyo ikipungua, damu hupungua, mishipa ya fahamu hudhoofika, na mtu huchoka na kusikia ganzi miguuni. Kwa kuwa kisukari chenyewe pia huleta ganzi ya miguu, upungufu huu huweza kupita miaka bila kutambuliwa. Kila mtu husema ni sukari tu.

Damu ya mjomba ilipopimwa, vitamini B12 ilikuwa chini sana. Alianza kudungwa sindano za vitamini hiyo. Hakuachishwa metformini, na wewe pia usiiache kwa sababu umesoma makala haya. Kuacha dawa bila ushauri wa daktari kwaweza kuipandisha sukari hadi ikahatarisha maisha. Muulize tu daktari wako kama inafaa upimwe. Vitamini B12 hupatikana katika maini, nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa hivyo anayekula mboga tupu ana sababu zaidi ya kuuliza.

Hata hivyo, chanzo cha mjomba huenda kisiwe chako. Figo zilizoathiriwa na kisukari hushindwa kuuhimiza mwili utengeneze damu ya kutosha. Tezi iliyo shingoni ikizembea, mtu huchoka, husikia baridi na huongeza uzito. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo hulegeza mwili. Aidha, anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini huamka akiwa amechoka kama hakulala. Mara nyingi mwenyewe hajui, na ni mwenzake wa kitandani tu anayeweza kumwambia daktari.

Kisha kuna kifua kikuu. Mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa ugonjwa huo na kulemewa nao. Ikiwa uchovu umeandamana na kikohozi, kupungua uzito au jasho la usiku, usingoje siku ya kliniki. Nenda ukapimwe makohozi. Hali kadhalika moyo. Kwa mwenye kisukari, moyo waweza kuugua bila maumivu ya kifua, ishara pekee ikiwa uchovu wa ghafla, kuhema kwa kazi ndogo au miguu kuvimba. Na akitapika, akaumwa tumbo na kuhema kwa nguvu huku sukari ikiwa juu, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Mwisho, tusisahau moyo wa majonzi. Kuhesabu tembe kila siku, kukataa keki kwenye harusi na kuwaza gharama ya dawa ni mzigo. Wenye kisukari hupatwa na sonona zaidi kuliko watu wengine. Anayeamka bila hamu ya lolote kwa wiki kadhaa hahitaji kukemewa. Anahitaji kusikilizwa na kutibiwa.

Utafanya nini basi? Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa wiki mbili andika saa unazochoka, ulikula nini, ulilala vipi, na sukari ilikuwa ngapi ikiwa una kipimo nyumbani. Andika dawa zako zote, hata za miti shamba na zile za presha. Nenda nalo kliniki, na usikubali kutoka kabla hujauliza: je, damu yangu inatosha? Figo zangu zinafanya kazi? Vitamini B12 na tezi zimepimwa? Vipimo vingine vina gharama, kwa hivyo mwombe daktari akueleze kipi kianze.

Nawe mke, mume au mwana, kabla ya kumwita mtu mvivu, mfuate kliniki siku moja. Mke wa mjomba alikwenda naye ile mara ya tatu, na ndiye aliyemkumbusha kusema habari za miguu. Anasema neno lile "uvivu" humwuma mpaka leo.

Mjomba hakurudia ujana. Ganzi haijaisha yote, kwa kuwa mishipa ilikaa muda mrefu bila kutibiwa, na daktari alimweleza kwamba huenda ikabaki. Lakini usingizi wa saa nne asubuhi umekoma na cherehani haikuuzwa. Januari iliyopita nilipita pale usiku nikakuta taa ingali inawaka, sare zimepangwa mezani, naye mzee akinitania kwamba mimi ndiye niliyeonekana mchovu.

Hadi Jumapili ijayo, jitunze, na umtunze wa kwako.