Kipyenga cha mwisho kikilia



Majirani zetu wa Nairobi wana uwanja wa mbio za farasi pale Ngong. Mshabiki wa mbio hizo hupandwa na furaha na kushukwa na simanzi kwa sababu ya mnyama asiyejua hata kama mtu huyo yupo. Hapa Dar es Salaam hatuna mbio za namna hiyo, lakini hali hiyo ya moyo tunaijua vizuri. Farasi wetu ni wawili: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, ya mwaka 1936.

Jumapili ya tarehe 6 Mei 2012, Simba iliifunga Yanga mabao 5-0. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ikalipa kwa mabao 5-1. Siku kama hizo, katika mtaa mmoja wa Mikocheni, nyumba moja hukesha kwa vigelegele na ya jirani huzima taa mapema. Na machozi tumegawana. Mwaka 1993 Simba ilipoteza fainali ya Kombe la CAF kwa Stella Abidjan hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga ilishinda 1-0 kule Algiers, na bado kombe likaenda kwa USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

Sisemi kwamba ushabiki ni dhambi. Mimi mwenyewe ni mshabiki. Timu yangu sitaitaja, maana waumini wangu wako pande zote mbili. Nitasema tu kwamba katika moja ya Jumapili hizo mbili, timu iliyofungwa mabao matano ilikuwa yangu.

Jioni ile dada mmoja alibisha hodi kwenye nyumba ya mapadre. Mama yake mgonjwa alitaka kuungama na kupokea Mpako wa Wagonjwa. Nikamwuliza, kwa sauti isiyo ya kichungaji, kama hali ni mbaya sana. Akajibu, "Sijui, Padre." Nikasema, "Basi nitakuja kesho asubuhi."

Nilifika saa moja asubuhi. Mama alikuwa hai, lakini hakuweza tena kusema. Nilimpaka mafuta matakatifu, nikasali naye. Maungamo yake sikuyasikia. Yule dada hakunilaumu. Hakujua kwamba nilipomjibu, nilikuwa bado nahesabu mabao.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Aliyelipa gharama ya hasira yangu hakuwa kocha wala mchezaji. Alikuwa mama ambaye pengine hakujua kama kulikuwa na mechi. Ndivyo inavyokuwa hata majumbani mwetu. Anayelipa ni mke anayeona chakula alichopika kikisukumwa pembeni, na mtoto anayejifunza kuuliza matokeo kwanza kabla ya kumwamkia baba yake.

Mtunga Zaburi ya 33 aliwaonya watu wa zamani wasiweke tumaini la wokovu wao kwa farasi, hata awe na nguvu kiasi gani. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waliopenda michezo, alitoa mfano wa mkimbiaji anayejinyima mengi kwa ajili ya taji lisilodumu (1 Kor 9). Lakini anayejinyima hapo ni mkimbiaji. Sisi washabiki mara nyingi hatujinyimi kitu. Tunawanyima wengine: neno jema, muda wetu, na wakati mwingine hela ya mboga iliyoishia kwenye kubeti.

Ndugu zangu, vaeni jezi, shangilieni, na mkifungwa huzunikeni. Moyo usiohuzunika haupendi. Lakini kipyenga cha mwisho kikilia, simama kidogo nje ya mlango wako, sali Baba Yetu moja, ndipo uingie. Mtoto akikukimbilia, asiweze kujua kwa kukutazama usoni ni nani aliyeshinda.