Barabara Twaitaka, Lakini Sheria Isilegezwe

Wako watu katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti wasemao kwamba sheria za kuhifadhi wanyama zinatuzuia kuendelea. Neno hili yafaa tulipime kwa haki, maana wasemao si wajinga. Mkulima ambaye ndovu wamemaliza mahindi yake usiku hawezi kushiba kwa kuambiwa kwamba ndovu ni fahari ya taifa.

Mwaka 2010 ulikuwapo mpango wa kujenga barabara kuu kutoka Mugumu kwenda Loliondo, na kilomita 53 hivi zingepita ndani ya Hifadhi ya Serengeti, upande wa kaskazini. Shirika moja la kutetea wanyama lilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi kungekuwa kuvunja Mkataba wa Jumuiya. Wengine walinung'unika. Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa mwema, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kila mwaka kufuata mvua na majani, na wakati wa kiangazi huja kaskazini kunywa maji ya Mto Mara. Barabara kuu huleta malori. Malori yakigongana na wanyama, watu hufa, na walio hai hutaka uzio. Huko Botswana uzio wa Kuke ulijengwa mwaka 1958 ili kuzuia maradhi ya mifugo. Nia ilikuwa njema. Lakini ulipokuja ukame wa miaka ya 1980, nyumbu kwa maelfu walikufa kwa kiu, kwa kuwa nyua zilikuwa zimewafungia njia ya maji.

Pili, mnyama akipotea harudi upesi. Majangili karibu wawamalize faru weusi wa Serengeti katika miaka ya 1970 na 1980. Faru huzaa ndama mmoja tu, kisha hupita miaka miwili au zaidi kabla hajazaa tena. Sheria hulegezwa kwa siku moja, lakini hasara yake hudumu vizazi.

Tatu, barabara yaweza kuzunguka kusini mwa hifadhi. Ni kweli njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini itapita penye watu wengi wenye mazao ya kuuza. Nyumbu hawezi kuelekezwa njia nyingine.

Hata hivyo, sheria imlindayo mnyama yapasa imkumbuke na jirani yake. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa waliofiwa. Hiyo si fidia kamili. Basi hata hicho kidogo kikichelewa, mkulima atamwona askari wa hifadhi kuwa adui, na jangili kuwa rafiki. Hapo sheria itakuwa imekufa bila kufutwa.

Wazazi wetu, tudai barabara nzuri za kutufikisha sokoni na hospitalini. Tudai kifuta jasho kinachotosha na kinachofika kwa wakati. Madai hayo ni haki yetu, wala hayahitaji sheria ilegezwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne