Utafiti si Anasa ya Matajiri

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wasomi wetu, wakiwemo wenye dhamana ya kugawa fedha za umma, kumwuliza kila mtafiti aombaye fungu swali moja tu: “Kazi hii italeta faida gani mwaka huu?” Jibu lisipopatikana papo hapo, faili hufungwa. Fikra hiyo ni potofu na hapana budi ipingwe waziwazi.

Natuchukue mfano wa fuwele za kimiminika, yaani vitu vinavyotiririka kama maji ilhali molekuli zake zimejipanga kama askari katika gwaride. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea mjini Prague, alipasha moto kitu kilichotokana na kolesteroli akaona kinayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi kikawa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 kikawa cheupe kama maji ya chemchemi. Jambo hilo halikumtajirisha. Ilipofika mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza kuwa vitu hivyo vyaweza kuonyesha tarakimu kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1973 kampuni ya Sharp ya Japani ikauza kikokotoo chenye kioo cha aina hiyo, na mwaka huo huo George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, wakatangaza kemikali imara zinazofanya kazi katika joto la kawaida. Tangu jicho la Reinitzer hadi kikokotoo ni miaka 85. Je, yule bwana wa faili angemjibu nini Reinitzer?

Watasema: hao ni mataifa yenye mali. Haya, natuitazame India, nchi iliyokuwa na mamilioni ya maskini. Hadi wakati huo fuwele za kimiminika zilizojulikana zilikuwa za molekuli ndefu kama vijiti. Mwaka 1977 S. Chandrasekhar, B. K. Sadashiva na K. A. Suresh, katika Taasisi ya Utafiti ya Raman mjini Bangalore, walionyesha kwamba hata molekuli bapa kama sahani hufanya hivyo, zikipangana safu juu ya safu mithili ya sarafu. Nao hawakukimbilia Ulaya kutafuta baraka. Walichapisha matokeo katika Pramana, jarida la India yenyewe.

Thamani yake ni nini? Fuwele za vioo vya kawaida hazitoi nuru. Huizuia au kuipitisha tu, kama shata la dirisha. Lakini safu za molekuli bapa ni njia ya umeme. Nuru ikizipiga, chaji hufunguliwa na kukimbia kando ya safu. Mwaka 1994 wataalamu wa Ujerumani walionyesha katika jarida la Nature kwamba mwendo huo ni wa kasi kubwa. Nyingine za jamii hiyo hutoa nuru zipitishiwapo umeme. Na katika miaka ya 1990 kampuni ya Fujifilm ya Japani ilianza kutumia molekuli bapa katika utando unaowezesha kioo kuonekana vizuri hata kutoka pembeni. Mbegu ilipandwa Bangalore, wengine wakavuna.

Ni kweli kwamba zahanati zinahitaji dawa na madarasa yanahitaji madawati. Hakuna anayedai tujenge kiwanda cha vioo kesho. Lakini taifa lisilotenga hata fungu dogo kwa wadadisi wake limejihukumu kununua daima akili za wengine.

Kwa hiyo maofisa wa mipango waache kupima utafiti kwa hesabu ya mwaka mmoja. Nao walimu, mwanafunzi akiuliza kwa nini kitu kimeyeyuka mara mbili, wasimwambie kuwa halimo katika mtihani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.