Usimtoroke Mtoto Siku ya Kwanza ya Shule

Shule zinapofunguliwa mwezi Januari, pita asubuhi karibu na darasa la awali katika kijiji cha Masasi au cha Newala. Utasikia kilio. Watoto wa miaka mitano, na wengine wadogo kuliko hapo, wanalia mlangoni. Mama mmoja anamwambia mwanawe, "Kaa hapa mwanangu, nakwenda dukani kukununulia andazi, narudi sasa hivi." Mtoto ananyamaza. Anakaa. Mama anapita nyuma ya jengo na kwenda zake shamba. Andazi haliji. Mama naye haji mpaka jua liko utosini.

Wazazi wengi huona hiyo ndiyo njia nzuri. Mtoto hakulia, mama amewahi palizi, mwalimu ameanza kazi yake. Mimi sikubaliani nao. Kumtoroka mtoto ni kumdhuru. Tena dhara lake haliishii moyoni. Huingia tumboni, huingia katika usingizi, na mwisho huonekana katika masomo.

Mtoto wa miaka mitano hajui saa. Ukimwambia utakuja saa tano, hajui saa tano ni lini. Anachojua ni neno lako. Ukisema unarudi sasa hivi, kisha usirudi, anajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba mama husema uongo, na kwamba shule ni mahali ambapo mama hupotea. Kesho yake atakushika kanga tangu alfajiri. Hatakubali uende hata chooni peke yako. Majirani watasema mtoto huyu anadeka. Hadeki. Analinda mali yake, na mali yake ni wewe.

Mambo haya yamechunguzwa, tena hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja mwanamke, Mary Ainsworth, alitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, nchini Uganda. Aliwaangalia akina mama na watoto wao wadogo nyumbani, wakinyonya, wakicheza na wakilia. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake hutambaa kwenda kuona vitu vipya, kisha humrudia mama, kisha huenda tena. Mtoto asiye na imani hiyo hakwenda mbali. Aling'ang'ania na kulia. Ainsworth aliandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na mpaka leo wataalamu wa watoto wanakitumia.

Huko Uingereza nako, mwaka 1952, James Robertson alitoa filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitali kwa siku nane bila mama yake kukaa naye. Wakati huo hospitali nyingi za nchi ile ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa muda mfupi tu. Wauguzi walidhani mtoto aliyenyamaza ametulia. Filamu ile ilionyesha kwamba kunyamaza si kutulia. Ilichukua miaka mingi na ubishi mwingi, lakini hospitali zilianza kuwaruhusu wazazi wakae na watoto wao.

Basi mtoto wako anayekaa kimya pembeni mwa darasa, anakodolea macho mlango, hagusi mchezo wala haongei, usifurahi upesi ukasema amezoea. Huenda anayelia kwa sauti yuko nafuu kuliko huyo.

Ndugu msomaji, sisi wa huku hatuhitaji Mwingereza atufundishe jambo hili. Wazee wetu wanalijua. Fikiri mtoto anavyopelekwa jando. Je, huvizia mtu akamwacha porini na kukimbia? La hasha. Mtoto huandaliwa. Mjomba na wazee hukaa wakapanga. Kule anakokwenda yuko mtu wa kumtunza, na siku ya kutoka huwa ni ngoma na nguo mpya. Kila mtu katika ukoo anajua kwamba mtoto ametoka mikono hii na kuingia mikono ile. Lakini tukifika kwenye shule, tunamsukuma mlangoni kama gunia la korosho ghalani, tunageuka. Mtoto yule yule, kijiji kile kile. Kwa nini?

Sababu moja naijua, nayo si ubaya wa moyo. Januari ni mvua. Ni wakati wa palizi, na shamba halingoji. Wengine mashamba yao yako mbali na kijiji, nao huhamia kibandani huko kwa siku nyingi. Mama akikaa darasani asubuhi nzima, magugu yanameza mtama na mahindi. Kwa hiyo sisemi mama aache jembe kwa wiki nzima. Ninasema wiki moja hiyo ipangwe nyumbani kabla haijafika, kama mnavyopanga zamu ya kuteka maji. Siku ya kwanza na ya pili mtu mmoja akae na mtoto. Siku zinazofuata anaweza kuondoka mapema zaidi. Si lazima mtu huyo awe mama. Bibi anaweza. Dada mkubwa anaweza. Na baba naye ana miguu. Nimeona baba akimpakia mwanawe kwenye baiskeli, akakaa naye chini ya mwembe wa shule mpaka wakati wa uji, na hakuna aliyemcheka. Au kama walimcheka, mtoto hakuwasikia.

Walimu nao wasifukuze wazazi siku hizo. Najua mwalimu mmoja ana watoto wengi, na mzazi mlangoni humchanganya. Lakini mzazi aliyekaa kimya kwenye benchi nje ya dirisha ni msaada. Kamati ya shule inaweza kukubaliana juu ya jambo hili mwezi Desemba. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vilianza nchini mwaka 1975 na ambavyo Masasi na Newala vipo, vimekuwa na madarasa ya chekechea ili mama asome huku mtoto wake akiwa hapo hapo jirani. Hiyo ni njia ya busara.

Sasa, wakati wa kuondoka ukifika, ondoka mbele ya macho yake. Chuchumaa, mshike mkono, mwambie kweli: "Mwanangu, mimi nakwenda shamba. Utacheza, utakunywa uji, utaimba. Wimbo ukiisha, bibi atakuja kukuchukua." Mpe alama anayoiona, si saa ya ukutani. Kisha mkabidhi mwalimu mkono kwa mkono, uende. Atalia. Mwache alie. Usirudi mara tatu dirishani, maana kila ukirudi unampa tumaini jipya na kilio kipya. Kulia mbele ya mtu aliyesema kweli hakumdhuru mtoto. Kwa watoto wengi kilio hicho hupungua siku hadi siku.

Lakini bibi akiahidiwa, bibi aje. Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Mtoto akitoka darasani akamkuta bibi mlangoni, neno lako limekuwa kweli. Mara tatu, nne hivi, naye ataanza kukuachia kanga. Bibi akichelewa kwa sababu ya mvua au foleni ya maji, na mwalimu keshafunga mlango, mtoto aliyebaki peke yake barazani atakumbuka siku hiyo kuliko nyimbo zote alizofundishwa. Asiyeweza kuja aseme mapema, apatikane mwingine.

Kuna tabia nyingine ambayo naiona mbaya kuliko kutoroka. Ni kutisha. "Ukilia, mwalimu atakuchapa." "Usipokwenda shule, nakupeleka kwa daktari akakuchome sindano." Kwa maneno mawili umemfanya mtoto aogope mwalimu na mganga kwa pamoja. Siku atakayopata homa ya kweli atajificha mvunguni ili asipelekwe zahanati. Mwalimu uliyemfanya fimbo ndiye huyo huyo unayetaka mtoto amweleze kwamba tumbo linauma. Atamwelezaje?

Na kueleza kwenyewe kuna taabu yake. Nyumbani kwetu mtoto husema Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao. Darasani mwalimu husema Kiswahili, na huenda ametoka mkoa mwingine kabisa. Watu wazima tunasahau jinsi ilivyo kukaa kati ya watu usiowaelewa. Mfundishe mtoto maneno machache ya Kiswahili kabla ya shule, yale ya mwili wake: maji, choo, njaa, naumwa, hapa. Na jina lake kamili, kwa maana nyumbani tunamwita jina la utani, kisha mwalimu anaita jina la daftari na mtoto haitiki.

Neno "choo" nimeliweka kwa makusudi. Wako watoto wanaokataa shule, na wazazi wanatafuta sababu kila mahali, kumbe sababu ni choo. Tundu ni kubwa kwake, ndani ni giza, nzi wanavuma, watoto wakubwa wanasukumana. Anaogopa kutumbukia. Basi anajibana tangu asubuhi mpaka mchana. Tumbo linamuuma, haja kubwa inakuwa ngumu, au anajikojolea darasani na wenzake wanamcheka. Kesho hataki kwenda. Dawa yake ni rahisi. Siku moja kabla ya shule kuanza, nenda naye mpaka kwenye choo cha shule. Mwonyeshe pa kukanyaga. Simama mlangoni. Mwonyeshe pa kunawa. Mwombe mwalimu awapeleke wadogo peke yao, kabla ya wakubwa hawajatoka madarasani. Mvalishe nguo anayoweza kuvua mwenyewe, si suruali yenye kifungo kigumu na mkanda wa baba uliokatwa.

Asubuhi asitoke na tumbo tupu. Uji wa muhogo au wa mtama uliotiwa karanga au korosho zilizotwangwa humtosha. Kama shule haina uji, mfungie kipande cha muhogo au embe. Mpe maji ya kunywa yaliyochemshwa katika chupa ndogo, hasa kule juu uwandani ambako shule nyingi maji ni ya shida. Usiku alale mapema, chini ya chandarua. Mtoto aliyelala usiku wa manane kwa sababu ya ngoma au video atalia darasani hata kama anapenda shule.

Usishangae wiki hiyo mtoto akirudi nyuma kidogo. Aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Anaweza kunyonya kidole, kuamka usiku akiita, kuacha chakula. Usimpige, wala usimtangazie kwa majirani. Wala usikimbilie kusema amerogwa. Mara nyingi hupita katika wiki mbili tatu.

Lakini hapa nasimama niseme kwa nguvu. Kuna mzazi anayeona kila kilio ni ugonjwa, na yuko anayeona kila ugonjwa ni kilio cha shule. Huyu wa pili ndiye wa hatari. Januari ni wakati wa mvua, na mkoa wetu wa Mtwara una malaria nyingi. Mtoto akisema kichwa kinauma na mwili ni wa moto, usiseme anatega shule. Mpeleke zahanati apimwe damu siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akiharisha au akitapika, akipumua kwa shida, au sikio likitoa usaha. Na kama wiki zinapita, mtoto anakonda, hataki kusema neno, au anamwogopa mtu mmoja kwa jina, keti naye mahali pa faragha, umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza.

Tusisahau kwamba nafasi hii ya mtoto haikuja hivi hivi. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitaka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali, na madarasa ya awali yamo. Kwa hiyo mlango uko wazi. Mtoto anayeuacha katika wiki ya kwanza kwa hofu huingia darasa la kwanza bila kujua kushika kalamu, akakaa na wenzake waliokwisha kuzoea, na wanaomwona huanza kumwita mzito. Si mzito. Aliogopa, na hakuna aliyemngoja.

Neno dogo la mwisho, kwa maana limewachanganya wengi. Mtoto akizoea kufika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili atakuwa nyumbani nawe, na Jumatatu atalia tena kama siku ya kwanza. Usidhani kazi imeharibika. Jumapili jioni mkumbushe kwamba kesho kuna shule, mtaje rafiki aliyempata huko kwa jina. Asubuhi mpeleke, muage mbele ya macho yake, mwambie nani atakuja kumchukua. Na huyo aje.